Kila Msimu na Chungu Chake



Ndugu wasomaji, na hasa mama na dada zetu ambao ndio wenye mamlaka ya meko, juma hili nawaomba mnisindikize katika safari iliyonipeleka mbali na bahari yetu. Nilikwenda kumtazama mwanangu, nikarudi na gunia la viazi na deni ambalo sikujua kuwa ninalo. Deni nimekwisha kulilipa, alhamdulillahi, lakini aliyenidai alinipa sharti moja, nalo ndilo lililonishikisha kalamu leo.

Binti yangu wa pili ameolewa bara. Mumewe ni mwalimu mjini Migori, na mama yake mume, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, anaishi Kendu Bay katika kaunti ya Homa Bay, kando ya ziwa la Viktoria, mahali ambapo Waislamu wamekuwepo vizazi na vizazi. Nilipofunga safari ya kwanza, mwezi wa Agosti, mke wangu hakukubali nitoke mikono mitupu. Alinifungia nazi 20, mchele kilo 10, iliki, mdalasini, pilipili manga, na papa mkavu aliyezungushiwa magazeti hata abiria wenzangu wakajua kabla ya Mariakani kwamba pana Mswahili ndani ya basi. “Huko bara,” alisema, “watamlisha nini mwanangu?”

Nami, sitaficha, nilikuwa na swali hilo hilo moyoni. Sisi watu wa pwani tuna maradhi madogo ya kudhani kwamba mapishi yalianzia kwetu na yakaishia kwetu. Pasipo nazi, twahisi hapana mchuzi. Pasipo mchele, twahisi hatujala.

Njia ya kwenda huko, ukishapita Nairobi, hushuka Narok, ikapanda tena hadi Kisii kwenye migomba mingi, kisha ikateremka Rongo na Awendo. Awendo ni nchi ya miwa; kiwanda cha sukari cha Sony kipo hapo, na matrekta yenye mizigo ya miwa huenda polepole mbele ya magari mengine kama bwana harusi. Baada yake ndipo Migori. Soko la mji huo lilinishangaza. Upande wa mpaka wa Tanzania, kwa Wakuria, hutoka wimbi na mahindi. Kutoka mashamba ya karibu huja mihogo, mtama na njugu. Kutoka ziwani huja samaki. Wanawake wamekaa chini, kila mmoja na fungu lake, na takriban kila fungu mwenyewe ndiye aliyelilima.

Binti yangu alipokea mizigo ya mama yake kwa machozi ya furaha, akazipanga nazi pembeni mwa jiko kama vikombe vya arusi. Kisha usiku akaniandalia ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, dagaa ambao huko huitwa omena, na sahani ya majani mabichi yaliyokoza rangi. Nikamwuliza kwa upole, “Mwanangu, mchele umekwisha mara hii?”

Akacheka. “Mchele upo, baba. Lakini omena ndiyo kwanza wamerudi sokoni. Utakula wali kila siku Mombasa. Omena wa Agosti utawapata wapi?”

Hapo ndipo alipoanza kunisomesha. Omena wana mwezi wao. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wao hufungwa upande wa Kenya, ili wapate kuzaa na kukua. Miezi hiyo mwenye busara hula alichoanika mapema, au hula kingine. Agosti ziwa likifunguliwa, taa za wavuvi huonekana usiku juu ya maji kana kwamba mji umehamia ziwani, na asubuhi wanawake huwaanika samaki hao juani. Nikakumbuka kwamba hata sisi tuna kusi na kaskazi. Wazee wetu walijua ni miezi ipi bahari huchafuka na mashua ndogo hazitoki, na ni miezi ipi nguru hupatikana kwa wingi. Sisi watoto wao tumesahau, kwa kuwa friji imetuambia kwamba miezi yote ni sawa.

Wale omena, kwa mama na dada watakaopenda kujaribu, aliwapika hivi. Aliwaosha kwa maji ya moto mara mbili ili kuondoa mchanga, akawachuja hadi wakakauka, akawakaanga kwa mafuta kidogo mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika, akawaweka kando. Katika sufuria ile ile akaunguza kitunguu, akatia nyanya nyingi na pilipili mbichi, na nyanya zilipolainika akawarudisha omena kwa dakika chache tu, kisha akakamulia ndimu. Siri, alisema, ni kutowaacha wakatota. Nilikula nikaongeza.

Siku ya tatu tulikwenda Kendu Bay. Gari hurudi hadi Rongo, likashika njia ya Homa Bay mjini, kisha likafuata ziwa, mlima wa Homa ukiwa umejitenga peke yake ufukoni. Bi Mkubwa alitupokea mlangoni. Ni mjane wa makamo yangu au kunizidi kidogo, ana ekari mbili, ng'ombe wawili, na ulimi usiopindapinda. Nilimkabidhi nazi alizotengewa. Alishukuru, akazigonga moja moja kusikia maji, akasema, “Hizi tutazila kesho. Leo mgeni atakula cha hapa.”

Cha hapa kilikuwa mboga ambayo Wajaluo huiita dek. Kwetu wengine huijua kwa jina la mgagani, na wengine mkabili-shemsi. Ni chungu. Mtoto akiila mara ya kwanza hukunja uso. Bi Mkubwa alichambua majani, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, akayachanganya na majani ya kunde, akayahamishia katika chungu cha udongo, akatia maziwa, akaacha moto mdogo. Nikadhani ndiyo tayari. La. Chungu kikafunikwa kikalala, na kesho yake kikarudi motoni kwa maziwa mengine. Ndipo tukala, na ule uchungu ulikuwa umegeuka ladha ambayo sina jina lake.

Alinieleza pia kwamba kila mboga ina zamu yake. Mwaka wao una mvua mbili: ile kubwa, ambayo msimu wake huitwa chwiri, huanza karibu na Machi, na ile ndogo, opon, huja mwishoni mwa mwaka. Mvua kubwa ikinyesha, dek na mlenda na mnavu huchipua hata pembezoni mwa shamba pasipo kupandwa, na hiyo ndiyo miezi ambayo ghala la mahindi limepwaya. “Mwenyezi Mungu,” alisema Bi Mkubwa, “nafaka ikipungua ghalani hutuletea majani shambani. Halafu watu husema majani ni chakula cha maskini.”

Neno hilo limekuwa likisemwa kote nchini kwa miaka mingi, hata watoto wa mijini wakaona haya kula mnavu. Wapo waliolikataa kwa elimu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amejitolea umri wake kuzichunguza mboga hizi za asili, na kueleza kwamba zimejaa madini na vitamini ambazo mwili unazihitaji, nyingine kuliko kabichi tunayoisifu. Ndivyo ilivyo pia kwa viazi vitamu vya rangi ya machungwa ndani, ambavyo mwili huvigeuzia vitamini A, ngao ya macho ya watoto. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa watu wanne waliojitahidi kuongeza lishe katika mazao, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivyo. Na mmoja wa hao watatu ni jirani yetu, Robert Mwanga wa Uganda.

Kesho yake zamu ya nazi ilifika. Binti yangu akapika ngege wa ziwani kwa tui, wa kupaka, kama wa nyumbani. Na viazi vitamu vya nazi na iliki, vile tunavyofuturu navyo Ramadhani. Bi Mkubwa akala, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nazi ikikosekana yeye husaga njugu, akaziyeyusha kwa maji ya moto zikawa kama tui zito. Siku ile mama wawili, mmoja akiwa Mombasa asiyejua, walikutana ndani ya sufuria moja.

Sasa naja kwenye deni.

Nilipokuwa nikirudi, nilipitia Oyugis hadi Kabondo, soko la viazi vitamu linalojulikana sana pande zile. Agosti viazi vilikuwa vimejaa. Marundo yalikuwa yamepangwa kando ya barabara. Nikamwendea mama mmoja, nikamwuliza bei ya gunia. Akanitajia. Nikavutana naye akashusha, nikavutana tena akashusha, kwa kuwa jua lilikuwa likienda na kiazi kilichochimbwa hakingoji. Wakaja vijana wa kujaza. Gunia lilipojaa hadi mdomoni hawakulifunga. Walilishonea wavu juu yake, wakaendelea kujaza mpaka likawa na kilemba kirefu kama cha bwana mkubwa. Nikauliza kama ndivyo linavyouzwa. Wakasema ndivyo. Yule mama alikuwa akitazama pembeni. Nikalipa bei ya gunia moja, nikamshukuru Mola kwa biashara njema.

Kituoni, mpokea mizigo aliliweka gunia juu ya mizani. Kilo 135. Akaandika nauli ya mzigo, nami nikalalamika kwamba gunia moja ni kilo 90. Kijana yule akaniambia kwa adabu, “Sheikh, mizani haisomi gunia. Husoma uzito.”

Nikalipa. Nikaketi kwenye kiti changu karibu na dirisha, na gari lilipoondoka maneno yale yalikuwa bado yakinigonga. Mizani haisomi gunia. Mwenye basi alipata haki ya kilo 135 kwa kuwa alikuwa na mizani. Yule mama aliyepanda, akapalilia, akachimba na kubeba kichwani, alilipwa kilo 90 kwa kuwa hakuwa nayo. Nililipia mafungu mawili nikachukua matatu.

Ndugu zangu, mimi nimeisomesha Suratul-Mutaffifin kwa zaidi ya miaka 20. Nimewaeleza wanafunzi maana yake, kwamba Mwenyezi Mungu anawaonya vikali wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hujipimia kamili, na wakiwapimia wao hupunguza. Siku zote nilipoisomesha nilimfikiria muuza duka mwenye jiwe la mizani lililopunguzwa. Hata siku moja sikumfikiria mnunuzi. Hata siku moja sikujifikiria mimi.

Huenda mwanachuoni akaniambia kwamba biashara ile ilisihi, kwa kuwa ilikuwa na ridhaa ya pande mbili na bei ilijulikana. Naam, nami nilijitetea kwa hoja hiyo tangu Sondu hadi Nairobi. Lakini ridhaa ya mtu anayetazama pembeni naijua. Alikubali kwa sababu kila mnunuzi hufanya vile, na akikataa jua litatua na viazi vyake vitaoza. Hoja yangu ilitosha kunitoa mahakamani. Haikutosha kunilaza usingizi.

Nyumbani mke wangu aligawa viazi kwa majirani, kila mlango fungu lake. Wote waliomba dua. Kila dua ilinielemea.

Nilirudi huko Aprili iliyofuata, siku chache baada ya Idi. Safari hii mizigo ilikuwa midogo: nazi 6 tu, na iliki. Mvua ilikuwa imeanza. Nchi nzima ilikuwa kijani, omena walikuwa wamefungwa, na mezani kwa binti yangu palikuwa na mlenda uliopikwa na majani ya kunde na chembe ya magadi, na uji wa wimbi uliotiwa ukwaju. Ule ukwaju ulinifurahisha. Niliuona kama mtu wa kwetu niliyekutana naye ugenini.

Nilimweleza Bi Mkubwa habari yote. Hakunifariji. Alisema, “Tutamtafuta,” akajifunga leso. Tulipofika Kabondo marundo ya viazi yalikuwa machache na bei imepanda. Tuliuliza mama kwa mama hadi tukaelekezwa. Alikuwa ameketi kwenye turubai mbele ya mafungu ya dek na mnavu. Viazi hakuwa navyo. Hakunikumbuka mimi, lakini alilikumbuka gunia la mtu mwenye kofia ya kiua.

Bi Mkubwa alizungumza naye kwa Kijaluo, na kila nilipojaribu kuingilia alinizuia kwa kiganja. Kisha nikatoa pesa za fungu la tatu, kwa bei aliyoitaja mwenyewe mara ya kwanza, kabla sijaivuta. Alizihesabu polepole, mara mbili. Nilitarajia ashangae, au alie, au aniombee; sisi wahubiri huzoea visa vinavyoisha hivyo. Hakufanya lolote katika hayo. Alizikunja, akazifunga kwenye pindo la nguo, akasema kwa Kiswahili safi: “Mzee, wewe ni mmoja. Wanaokuja na wavu ni wengi. Waambie na wenzako.” Kisha akanifungia mafungu mawili ya dek, akaniambia bei yake, nami nikalipa bila kuvutana.

Hilo ndilo sharti. Nami nawaambia.

Mombasa si Kabondo, lakini Kongowea ni soko, na hata huko yapo magunia yenye vilemba. Maembe, mihogo, mchicha, mbaazi na machungwa tunayokula yana watu nyuma yake, Kilifi na Kwale na Taita na mbali zaidi. Tunapoingia Ramadhani twalalamika kwamba viazi na ndizi vimepanda bei, nasi ndio tuliovinunua kwa bei ya kutupa miezi vilipojaa. Basi nina nasaha tatu kwa kila nyumba.

Kwanza, mpishi aulize msimu kabla hajauliza hamu. Kinachojaa sokoni leo ndicho kibichi zaidi, rahisi zaidi, na mara nyingi ndicho mwili unachokihitaji. Katika Suratul-An'am tumeruhusiwa kula matunda yanapozaa, na papo hapo tukaamrishwa kutoa haki yake siku ya kuvunwa. Kula kwa msimu na kutoa haki vimetajwa pamoja. Mkulima wa nafaka, mavuno yake yakifikia nisabu, ana moja ya kumi ya kutoa ikiwa alilimia mvua, na nusu ya hiyo ikiwa alimwagilia kwa gharama. Sisi wanunuzi je, haki yetu ni ipi? Ni kipimo.

Pili, nunueni kwa mizani. Mkinunua kwa gunia au kwa ndoo, mwulizeni muuzaji mwenyewe, si mjazaji, kama hivyo ndivyo anavyotaka. Mkimwona anatazama pembeni, mmekwisha kupata jibu.

Tatu, msiwafundishe watoto kudharau majani. Mtoto aliyezoea mnavu na mchicha na kisamvu tangu udogoni hatakuwa mgeni popote katika nchi hii, wala mume wake au mke wake hatahitaji kusafirishiwa nazi 20.

Mke wangu sasa hupanda mgagani nyuma ya nyumba, katika madebe mawili ya mafuta. Mbegu alizitoa Bi Mkubwa, zimefungwa katika kipande cha gazeti kama tulivyompelekea papa. Mara ya kwanza kuupika aliacha chungu kilale usiku mmoja kama alivyoelekezwa, na katika maziwa akatia tui kidogo, kwa kuwa Mswahili hakosi neno lake. Nilimwambia kwamba hivyo sivyo unavyopikwa huko. Akaniambia nile kwanza.

Nilikula, na ulikuwa mtamu. Mwenyezi Mungu azibariki mvua zao na zetu, atulishe kilicho halali chenye kipimo cha haki, na awape wakulima wetu wanunuzi wanaomcha. Amin.

Wallahu a'lam.